Ukoo wa Ibarra: jina limetoka wapi, na watu wake wametoka wapi?

*"Habari mtaalamu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Houston, Texas. Mume wangu kazaliwa hapahapa Texas lakini kwao ni Meksiko, na jina la ukoo wao ni Ibarra. Binti yetu wa miaka 11 amepewa kazi shuleni achore mti wa ukoo na aeleze asili ya jina lake. Upande wangu tulimaliza kwa kumpigia mama simu. Upande wa baba yake ndio kizungumkuti. Tunachojua ni kwamba babu mzaa baba wa mume wangu alizaliwa 1914 Jalisco, karibu na mji wa Tepatitlán, akavuka mpaka na wazazi wake 1927. Nililipia tovuti moja, wakatutumia nembo yenye ngao na simba na cheti kinachosema akina Ibarra ni wazao wa makabaila wa Hispania. Halafu mume wangu akapima DNA: Hispania na Ureno asilimia 49, wenyeji asilia wa Amerika 43, Afrika 6, Wayahudi 1. Mama mkwe amekataa katakata, anasema kwao ni Wahispania watupu na kipimo kimekosea. Mwisho tukapata cheti cha kuzaliwa cha babu, kimeandikwa hijo natural, yaani mtoto wa nje ya ndoa. Wifi zangu wamenuna, wanasema nimefukua makaburi. Je, asili ya jina hili ni nini? Hiyo Afrika imetoka wapi? Na tuendelee au tuache?"*

Dada yangu, pole kwa kununiwa. Msiache, ila badilisheni njia. Mmeanzia juu, kwenye jina na nembo, mkawa mnashuka kuwatafuta watu. Nasaba hufuatwa kwa kupanda: unaanza na mtu unayemjua, unapata karatasi inayomtaja mzazi wake, unaihakiki, ndipo unapanda ngazi nyingine. Jina la ukoo lina asili yake, na watu wanaolibeba wana asili yao. Meksiko, mara nyingi mambo hayo mawili hayakuanzia mahali pamoja.

Nianze na lile lililowaumiza watu nyumbani, maana naona ndilo linaloweza kuisimamisha kazi nzima.

Julai 1859 serikali ya Benito Juárez ilitunga sheria ya usajili wa raia, ikawaondolea mapadre kazi ya kuandika vizazi, ndoa na vifo kwa niaba ya dola. Tangu hapo, ndoa iliyohesabika kisheria ni ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa usajili. Sasa Tepatitlán ipo Los Altos, nyanda za juu za mashariki mwa Jalisco, na watu wa huko walikuwa Wakatoliki wa kufa na kuzikana na Kanisa lao. Kwao ndoa ilikuwa sakramenti. Ile ya ofisini ilikuwa karatasi ya serikali, tena ya serikali waliyoiona kuwa adui wa dini. Wengi walifunga ndoa mbele ya padre wakaishia hapo, hasa walioishi mashambani mbali na ofisi. Mtoto alipozaliwa, baba alimpeleka kwa ofisa kama sheria ilivyotaka. Ofisa hakuona ndoa ya kiserikali kwenye daftari lake, akaandika *hijo natural*. Mama na baba wa mtoto huyo huenda walikuwa na harusi iliyotangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo na mashahidi wao wakajulikana.

Chukueni cheti cha babu mkisome upya, polepole. Baada ya tarehe na saa mtaona neno *compareció*, maana yake "alifika mbele yangu", likifuatwa na jina la aliyemleta mtoto, umri wake, kazi yake na mahali anapoishi. Kama aliyefika ni Ibarra mwenyewe na akamtamka mtoto kuwa ni wake, hiyo si picha ya mtoto aliyekataliwa. Chini zaidi mara nyingi kuna majina ya babu na bibi wa pande zote mbili. Yaandikeni yote, maana cheti kilichowachukiza wifi zako ndicho kitakachowapa ngazi mbili kwa mpigo. Kisha tafuteni ndoa ya wazazi hao kwenye vitabu vya parokia, mkirudi nyuma kutoka 1914 hadi miaka kadhaa kabla ya mtoto wao wa kwanza kuzaliwa. Usiwaahidi wifi zako chochote kabla hujaiona kwa macho yako. Inawezekana kweli hawakuoana, na hilo nalo litakuwa limejulikana. Lakini kwa eneo hilo na miaka hiyo, ndoa ya kanisani ndipo pa kutazama kwanza.

Sasa jina. Ibarra ni jina la Kibaski, la watu wa kaskazini mwa Hispania wenye lugha yao isiyo na undugu na Kihispania. *Ibar* ni bonde, hasa bonde la mto, na ile *-a* ya mwishoni inafanya kazi ya kusema "lile bonde". Nchi ya Wabaski ni ya milima na mabonde, kwa hiyo pako mahali pengi panapoitwa Ibarra, na mtu aliyetoka katika bonde lolote kati ya hayo aliweza kuitwa kwa jina la kwao. Ndiyo sababu hakuna ukoo mmoja wa Ibarra duniani. Zilikuwapo familia nyingi zisizohusiana kabisa, kila moja na bonde lake. Majina mengine ya Meksiko yana asili tofauti. Yale yanayoishia na *-ez* yalianza kama majina ya baba, kama sisi watu wa pwani tunavyosema "bin": Hernández ni bin Hernando, González ni bin Gonzalo, Rodríguez ni bin Rodrigo. Ndiyo maana Hernández ni jina linaloongoza kwa wingi Meksiko bila wenye nalo kuwa ndugu. Herrera ni la uhunzi. Zamora na Toledo ni miji.

Hapo utaona kwa nini nembo ile haina thamani kwenu. Nembo ya Hispania ilikuwa ya mtu au nyumba fulani na wazao wake waliothibitishwa. Haikuwahi kuwa mali ya kila anayebeba jina. Tovuti zinazouza ngao huchukua nembo ya nyumba mojawapo iliyoitwa Ibarra zikaigawa kwa yeyote anayelipa. Simba yule ni wa mtu fulani, ila hakuna karatasi inayomfunga na shamba la karibu na Tepatitlán. Ukiweza kudai fedha yako irudi, idai. Ukishindwa, binti asiiweke kwenye kazi yake kama ukweli.

Kuna jambo la pili kuhusu majina ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linalowapoteza. Katika miaka ya 1500 na 1600 jina la ukoo halikuwa limetulia. Ndugu wa tumbo moja waliweza kubeba majina matatu tofauti, mmoja la baba, mwingine la mama, wa tatu la bibi aliyeacha urithi. Wenyeji asilia walipobatizwa walipewa mara nyingi majina mawili ya watakatifu, na lile la pili likaja kugeuka jina la ukoo. Huko ndiko walikotoka akina De la Cruz, Santiago, Bautista na De los Santos wengi. Yucatán Wamaya walishikilia ya kwao, ndiyo maana hadi leo kuna akina Pech, Canul na Chan. Mahali pengine mwenyeji alichukua jina la msimamizi wake wa ubatizo, la mwenye shamba, au la mtawala wa Kihispania aliyepewa kijiji chao. Mtumwa aliyetoka Afrika aliandikwa kwa jina la mahali alikotolewa, kama Juan Angola au María Conga, na watoto wake wakaibuka na jina la bwana wao.

Kwa hiyo swali "jina Ibarra limetoka wapi" lina jibu la uhakika: nchi ya Wabaski. Swali "mtu wa kwanza wa ukoo wenu aliyeitwa Ibarra alitoka wapi" bado halina jibu, na cheti cha kununua hakiwezi kulitoa. Huenda alikuwa Mbaski, maana Wabaski walikwenda kwa wingi kaskazini na magharibi mwa Hispania Mpya, yaani Meksiko ya wakati wa ukoloni, kwenye migodi ya fedha na mashamba ya ng'ombe. Huenda alikuwa mtu aliyefanya kazi kwenye shamba la Mbaski. Na hata akiwa Mbaski, fikiria hesabu hii: ukipanda vizazi kumi kutoka kwa mume wako, kuna nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Jina Ibarra limepita kwenye nafasi moja tu. Zile 1,023 ni ukoo wake pia, na wengi wao hawakuwahi kusikia neno Ibarra.

Hesabu hiyo inanileta kwenye DNA na kwa mama mkwe wako.

Los Altos ina sifa ya zamani kwamba watu wake ni Wahispania wasiochanganyika, na wapo kweli wengi wenye ngozi nyeupe na macho ya rangi. Mama mkwe hakudanganya. Amesema alilosikia tangu utotoni. Lakini vitabu vya parokia vya eneo hilohilo, vya miaka ya 1600 na 1700, vimejaa watu walioandikwa *indio* (mwenyeji), *mestizo* (mchanganyiko wa Mhispania na mwenyeji), *mulato* (mwenye mchanganyiko wa Mwafrika). Waliishi kwenye mashamba yaleyale, wakaoana, wakasimamiana ubatizo. Kipimo cha mume wako hakina ajabu yoyote kwa mtu wa Jalisco. Ajabu ingekuwa asilimia mia ya Hispania.

Hiyo asilimia 6 ya Afrika imetoka wapi? Inakadiriwa kwamba Waafrika wapatao 200,000 waliletwa Meksiko kama watumwa wakati wa ukoloni, wengi wakishushwa bandari ya Veracruz. Kilele cha biashara hiyo kilikuwa kati ya 1580 na 1640, wakati Ureno ilipokuwa chini ya mfalme wa Hispania na wafanyabiashara wa Kireno wakishikilia Luanda. Kwa hiyo sehemu kubwa walikuwa watu wa Angola na Kongo, wasemaji wa lugha za Kibantu. Walipelekwa kwenye miwa ya Veracruz, migodi ya Zacatecas, karakana za nguo, majumba ya Guadalajara na mashamba ya ng'ombe ya magharibi. Sheria ilisema mtoto hufuata hali ya mama. Mwanamume mtumwa aliyeoa mwanamke mwenyeji alizaa watoto huru, na hilo lilitokea sana. Watoto wale wakazaa na majirani, wajukuu wakazaa na wengine, na baada ya vizazi vitano sita rangi na kumbukumbu vikawa vimefifia. Vicente Guerrero, rais aliyetangaza kufutwa kwa utumwa Septemba 1829, mwenyewe alikuwa na asili ya Kiafrika. Katika sensa ya 2020 Wameksiko zaidi ya milioni 2.5 walijitambulisha kuwa na asili hiyo.

Ukisikia asilimia 6 unaweza kudhani ni mtu mmoja. Kwa hesabu tupu ni kama mmoja kati ya wale 16 walio babu na bibi wa babu na bibi zake, ambaye angeishi katikati ya miaka ya 1800 na angekuwa Mwafrika kamili. Kwa Jalisco hilo halielekei. Linaloelekea zaidi ni nyuzi nyingi nyembamba, kutoka kwa mababu wengi wa miaka ya 1600, zilizohifadhiwa kwa sababu watu wa Los Altos walioana wao kwa wao, binamu kwa binamu, kwa vizazi. Mtu yuleyule anaweza kukaa kwenye nafasi nane za mti wa ukoo, na damu yake ikahesabika mara nane.

Najua utajaribiwa kumwambia binti kwamba baba yake na mama yake walikuwa ndugu tangu zamani. Nenda taratibu. Walioletwa Meksiko walitoka hasa Afrika Magharibi na pwani ya Angola na Kongo. Wachache walitoka upande wetu wa bahari, wakichukuliwa kutoka Msumbiji kupitia Goa hadi Manila, kisha kwa zile meli za Wahispania zilizokwenda Acapulco kati ya 1565 na 1815. Kipimo cha mate hakiwezi kukuonyesha mtu wa namna hiyo. Mwambie binti alichothibitisha baba yake: kwamba na yeye ana Waafrika katika mababu zake. Hilo tayari ni kubwa, na ni kweli.

Kuhusu asilimia 1 ya Wayahudi, msiijengee nyumba. Kiasi kidogo hivyo kinaweza kuwa makosa ya kukadiria, kikaja kutoweka kampuni itakapoboresha hesabu zake. Upande wa pili, lisiwashangaze pia: utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2018 uliona dalili za Wayahudi waliogeuzwa Wakristo zikiwa zimeenea Amerika ya Kilatini kuliko ilivyodhaniwa. Msichopaswa kufanya ni kutafuta jina Ibarra kwenye orodha za "majina ya Kiyahudi". Hispania ilipotoa uraia kwa wazao wa Wayahudi wake, kwa sheria ya 2015, ilisambaa orodha ndefu ya majina ikidaiwa kuwa ya serikali. Ilikuwa ya uongo. Wayahudi wa Hispania walibeba majina yaleyale ya majirani zao Wakristo, na jina peke yake halithibitishi dini ya mtu.

Sasa niwaambie pa kuanzia, hapohapo Texas.

Tafuteni kwanza karatasi za kuvuka mpaka. Maofisa wa Marekani waliandika walioingia kupitia Laredo, Eagle Pass, El Paso na vituo vingine, na kadi za miaka ya 1920 ni tamu kwa mtafiti: umri, mahali alipozaliwa, mahali alipoishi mwisho, jina la ndugu aliyebaki Meksiko, jina la mtu anayemwendea Marekani, urefu, rangi ya macho, hata kovu usoni. Nyingi zinatafutika bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Kama babu alikuja kujiandikisha kwenye hifadhi ya jamii ya Marekani, fomu yake ya maombi inataka majina kamili ya baba na mama. Nakala huagizwa kwa malipo. Cheti cha kifo cha Texas nacho hutaja wazazi, lakini kumbuka aliyejibu maswali siku ile ni mfiwa, na wafiwa hukosea.

Kwenye kutafuta, msiandike Ibarra peke yake. Karani wa zamani aliandika alivyosikia: Ybarra, Ivarra, Yvarra. I na Y zilibadilishana, B na V Wahispania hutamka sawa, na Texas tahajia ya Ybarra imejaa. Halafu kuna mtego wa majina mawili. Mmeksiko hubeba jina la baba kisha la mama, na mwanamke habadilishi jina akiolewa. Mtu aliyeitwa José Ibarra Gómez akifika kwa ofisa wa Kimarekani aliweza kuandikwa José Gomez, kwa sababu ofisa alichukua la mwisho. Familia nzima huweza kupotea kwa kosa hilo moja. Mkiona *J.* ni José, *Ma.* ni María, na *Gpe.* ni Guadalupe, ambaye anaweza kuwa mwanamke au mwanamume.

Mwaka 1927 nao una maana yake. Tarehe 31 Julai 1926 maaskofu wa Meksiko walisimamisha ibada za hadhara kupinga sheria za Rais Plutarco Elías Calles dhidi ya Kanisa, na Los Altos ikawa kitovu cha vita vya Wakristero, yaani Wakatoliki walioshika silaha dhidi ya serikali. Mwaka uliofuata jeshi liliamuru watu wa mashambani waache makazi yao wakusanyike mijini. Nadhani hapo ndipo familia yenu ilipofunga virago, ingawa kadi ya mpaka ndiyo itakayowapa tarehe. Kama babu alikuwa na wadogo waliozaliwa kati ya 1926 na 1929, ubatizo wao unaweza kukosekana kitabuni. Watoto walibatizwa kwa siri majumbani, wengine wakaandikwa ibada ziliporudi 1929, na wengine hawakuandikwa kamwe. Ndugu waliobaki Jalisco watafuteni kwenye sensa ya Meksiko ya 1930, ambayo nayo imefanyiwa faharasa, yaani majina yake yanatafutika kwa kompyuta.

Mkishavuka kwenda Jalisco, mna bahati. Tangu miaka ya 1950 jumuiya ya nasaba ya Utah, ya Kanisa la Wamormoni, ilipiga mikrofilamu vitabu vya parokia na vya usajili Meksiko nzima, na picha zake sasa mnaziona kwa akaunti ya bure kwenye tovuti niliyoitaja. Hapa kuna kosa la kawaida sana: watu huandika jina, wakikosa jibu wanasema hakuna. Faharasa haijafika kila ukurasa. Ingieni kwenye orodha ya makusanyo kwa mahali, chagueni parokia, fungueni kitabu, mfunue ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Ubatizo wa miaka ya 1800 huandikwa kwa mtindo mmoja: parokia na tarehe, jina la padre, jina la mtoto na siku zake tangu azaliwe, shamba walikokaa, kama ni *hijo legítimo* (mtoto wa ndani ya ndoa), wazazi, babu na bibi wa pande mbili, kisha wasimamizi. Msipuuze jina la shamba, lile linaloitwa *rancho*. Katika parokia moja mtakutana na José Ibarra watano wa umri mmoja, wawili kati yao wameoa wanawake wanaoitwa María. Shamba, wasimamizi na majina ya mababu ndivyo vitakavyowatenganisha. Mimi siunganishi mtoto na mzazi kwa kufanana jina tu. Nataka karatasi mbili zisizotegemeana zinazosema jambo moja.

Ila kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni cha mahojiano ya ndoa, *información matrimonial*. Kabla ya kufungisha ndoa, padre aliwahoji bwana, bibi na mashahidi: umezaliwa wapi, umeishi wapi, wazazi ni nani, ni wajane au la. Na kwa kuwa Kanisa lilikataza ndugu kuoana hadi daraja la nne, yaani hata wanaokutana kwa babu wa babu, wachumba wa Los Altos walilazimika mara kwa mara kuomba ruhusa maalumu. Padre aliichora nasaba yao kwenye karatasi: babu wa pamoja juu, matawi mawili yakishuka kizazi kwa kizazi hadi kwa wachumba chini. Mkipata moja ya hizo, mtavuka karibu miaka mia kwa karatasi moja. Za dayosisi ya Guadalajara zipo nyingi kwenye mikrofilamu.

Mkifika kabla ya 1822, vitabu hugawanyika. Palikuwa na kitabu cha Wahispania, cha wenyeji, na cha watu wa mchanganyiko. Mkimkosa Ibarra kwenye kile cha kwanza, fungueni vingine. Maneno kama *mulato* au *español* yalikuwa makadirio ya padre, na wenyeji na mulato walitozwa kodi ambayo Wahispania hawakutozwa, kwa hiyo watu walikuwa na sababu ya kusogea kutoka kitabu kimoja hadi kingine. Mtu mmoja anaweza kubatizwa *mulato*, akaoa akiwa *mestizo*, akazikwa *español*. Baada ya uhuru, Septemba 1822, serikali ilipiga marufuku kuwaandika raia kwa asili yao, na dalili hiyo ikakatika. Pengine ndani ya vitabu hivyo ndimo mtakapouona uzi wa Afrika ukiwa na jina na uso.

Hispania iacheni mwisho. Kuna hazina kubwa Seville, hifadhi ya nyaraka za Amerika iliyoanzishwa 1785, na orodha za abiria waliovuka bahari zinasomeka bure mtandaoni kwenye lango la PARES. Lakini mabaharia, askari na waliozamia hawakuandikwa vizuri, na orodha zina mapengo. Kumkuta Juan de Ibarra aliyepanda meli haina maana ni wenu. Mnahitaji wosia au mahojiano ya ndoa ya Meksiko yanayotaja kijiji chake cha Hispania. Miti ya ukoo mtandaoni inayowafikisha kwa wafalme, kwa kawaida imevunjika hapo hasa.

Kuhusu kupima DNA zaidi: kipimo cha kromosomu Y hufuata baba kwa baba, njia ileile ya jina, kwa hiyo kinaweza kuonyesha kama mstari wa Ibarra ni wa Ulaya, wa wenyeji au wa Afrika. Ni ghali, na hakitawapa jina la mtu hata mmoja. Ningetumia fedha hizo kwingine. Binti msimpime, hana umri wa kuamua vinasaba vyake vikae kwa nani.

Kazi yake ya shule haiwezi kungoja hayo yote. Aandike kwamba jina Ibarra ni la Kibaski na maana yake, kwamba familia inaijua njia hadi Jalisco 1914, na juu ya hapo aache visanduku vitupu. Mwalimu mzuri ataviheshimu visanduku hivyo.

Na msifanye peke yenu. Houston kuna Clayton, maktaba ya umma ya utafiti wa nasaba, mojawapo ya zinazosifika Marekani, haina malipo. Nendeni na cheti cha babu na karatasi ya majina, mkaketi na mkutubi. Vitabu vya kabla ya 1700 vimeandikwa kwa mwandiko uliosukwa kiasi kwamba hata msomaji mzuri wa Kihispania haupati. Hapo mlipeni mtu aliyesomea mwandiko wa kale, kwa kurasa maalumu mlizokwisha kuzipata. Kama mnataka karatasi hizi kwa ajili ya uraia wa Meksiko, picha ya mtandaoni haitoshi. Nendeni ubalozi mdogo wa Meksiko hapo Houston muulize nakala zipi zenye muhuri zinahitajika. Na kama kwenye matokeo ya DNA atatokea ndugu wa karibu ambaye hakuna aliyemjua, msimwandikie kwanza. Mwambieni mama mkwe, ana kwa ana, wakiwa wawili na mwanawe, kabla hajalisikia kwa mtu mwingine.